Aimbe Kwanza

Louisville, Agosti 2016

Mwanangu Esperansi,

Unisamehe kwa kukaa kimya. Najua si kawaida mtu kumwomba radhi kwa kimya mtoto anayelala chumba cha pili, anayempikia na kumwachia chakula kimefunikwa kwa sahani. Lakini tangu Aprili, uliponiwekea karatasi zako mezani, sijakuambia neno lenye uzito. Nimekuambia ufunge mlango. Nimekuambia mvua itanyesha, na kwamba gari la kunipeleka kazini limefika. Hayo si mazungumzo.

Leo akina mama wa kwaya wamekuita kukuaga, nyumba imetulia, nami sina kisingizio. Kesho asubuhi unapanda basi. Kuhusu makoti, chakula na watu wa kuwaepuka sitakuandikia; Buffalo unaijua, ulikuwa msichana huko kabla hatujahamia mtaa huu wa Iroquois. Nataka kuzungumza nawe kuhusu hiyo kazi unayoiendea, ya kuigeuza riwaya kuwa opera ya Kifaransa pamoja na yule mama mtunzi wa muziki. Mimi ndiye niliyekuambukiza mapenzi hayo. Tena katika karatasi zako kuna kosa ambalo kalamu yangu nyekundu haikuligusa, na nililiona tangu siku ya kwanza.

Unakumbuka nilivyofanya. Nilisahihisha vitenzi vyako, nikatia alama palipopungua herufi, nikakurudishia. Ulizifunua karatasi moja moja, ukauliza, "Baba, ni hivyo tu?" Nikasema, "Ukurasa wa mwisho una makosa mengi kuliko mingine." Ukanijibu kwa Kiingereza, kama ufanyavyo ukiwa na hasira, kwamba ukurasa ule uliuandika huku unalia. Nami nikaenda kuvaa viatu vya kazini.

Riwaya uliyoichagua naifahamu. Niliisoma nikiwa kijana, na sidhani kama kuna wengi wanaoisoma leo. Msichana anashona nguo mjini, mama yake yuko kijijini kando ya mto. Barua inafika kwamba mama amekufa. Msichana anaisoma, anaitia katika mfuko wa aproni, anaendelea kupinda ukingo wa gauni la mtu mwingine hadi taa inapowashwa. Katika kitabu inatosha, kwa sababu mwandishi yupo anatuonyesha kilichomo moyoni. Jukwaani mwandishi hana mdomo. Msichana anayesoma barua kimya mbele ya wapiga vinanda ni msichana anayesoma barua, basi. Ulifanya vyema kuliondoa jambo hilo, ukamfanya msichana awe mwimbaji karamuni ambaye wote wanaijua habari isipokuwa yeye. Sikukuambia hivyo wakati ule, nakuambia sasa.

Kazi hii nilifundishwa na padri mmoja wa Bukavu aliyekuwa na santuri nyingi na subira kidogo. Alikuwa akisema: chukua riwaya, toa watu, toa miaka, toa mwandishi, kinachobaki, kama bado kinapumua, kipe muziki. Alinisimulia habari za Paris ya zamani. Kulikuwa na ukumbi ambamo kila neno lilipaswa kuimbwa, na lazima wacheza ngoma waingie katikati, hata kama riwaya haikuwa na harusi wala sikukuu. Watungaji walibuni karamu ili miguu ipate kazi. Kulikuwa na ukumbi mwingine ambamo waliruhusiwa kusema kati ya wimbo na wimbo, na huko wazazi waliwapeleka mabinti zao wakaonane na wachumba. Wenye ukumbi hawakupenda mtu afe mbele ya familia zinazopanga ndoa. Kwa hiyo kitabu kilichokwisha kaburini, jukwaani kiliweza kukwisha kwa msamaha na kwaya.

Nilicheka nilipoyasikia hayo. Sikujua kwamba siku moja nami ningekificha kifo ili sherehe iendelee.

Nimekusimulia mara nyingi kwamba nilifundisha Kifaransa katika shule ya misheni kule milimani, na kwamba kila mwisho wa mwaka wanafunzi wangu waliimba mchezo uliotoka katika riwaya. Sikukusimulia kuhusu mwaka ule ulioharibika. Ilikuwa hadithi ya askari anayerudi nyumbani na kuuawa, na mchumba wake anayepata habari kwa barua. Watu walikuwa wengi mno katika kitabu. Nikampunguza huyu, nikampunguza yule, nikafika kwa bibi wa yule msichana. Sikuwa na sauti ya kumpa, nikamfuta. Mama yako, ambaye wakati huo alikuwa hajawa mama wa mtu, aliimba sauti ya pili na kushona mavazi. Akaniuliza, "Mwalimu, bibi umemtoa. Sasa msichana nani atakaa naye?" Nikamjibu kwamba hilo si swali la opera.

Tuliimba uwanjani mbele ya kanisa. Wazazi walikuja na fimbo zao za kuchungia, wakasimama wameziegemea. Askari wangu akachomwa kisu, akaanza wimbo wake wa kufa, ambao ulikuwa na beti nyingi. Mzee mmoja akapaza sauti: "Mtu amechomwa kisu na bado iko naimba?" Mwingine akajibu, "Bon, umwache, labda kisu ilikuwa butu." Uwanja mzima ukacheka. Niliona aibu ya kutosha. Lakini msichana alipofungua barua, akabaki peke yake katikati ya jukwaa, kicheko kilikatika. Wanawake wawili wazee waliinuka, wakapanda jukwaani, wakaketi kulia na kushoto kwake, wakamshika mikono. Mmoja akanigeukia: "Batu ya hapa ni batu gani? Munamwachaka mutoto peke yake na habari kama hii?"

Walijua ni mchezo. Si kwamba walidanganyika. Lakini hata katika mchezo, jambo lile halifanywi. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mtu aliye peke yake, wala kwa mtu aliye safarini. Watu hukusanyika kwanza nyumbani kwake. Wazee huingia, huketi, huomba maji, huuliza hali ya ng'ombe, na mmoja aliyechaguliwa husema, wakati mikono ya kumpokea imekwisha kuwa tayari. Mwaka uliofuata niliwatia wazee wale katika mchezo. Wakaingia, wakaketi, wakaomba maji kwa kuimba. Sehemu hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na hakuna aliyecheka. Nikajiona nimeshika kanuni ambayo hata padri hakuijua.

Kanuni hiyo ndiyo niliyoitumia vibaya kwako.

Sasa nafikia habari za Buffalo, na utanivumilia nikienda polepole. Nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda kule Tonawanda. Mama yako alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia, akiwaogesha watu waliokuwa na nguvu kuliko yeye, na ugonjwa ulipoanza aliuita uchovu. Nami nilikubali kuuita uchovu. Wewe ulikuwa umekwenda Columbus, kwa shangazi yako Dorkasi, kwa mkutano wa kwaya za vijana. Ulipewa kuimba peke yako. Mama yako alilisema jambo hilo kwa kila muuguzi aliyeingia chumbani. Alifariki Jumamosi ile alasiri, kabla zamu yako ya kuimba haijafika.

Nilimpigia simu dada yangu. Alikuwa ndani ya ukumbi, na habari ilikuwa imekwisha kunitangulia huko kwa simu za watu wa kanisa. Nilisikia vinanda nyuma yake. Alilia kidogo, akajikaza, akasema:

"Kaka, mutoto iko karibu kupanda. Nimutoshe inje kwa mulango ya nyuma, nimwambie?"

"Hapana."

"Donc tunangoja nini? Batu yote humu banajua. Muchungaji anajua, hata mupiga ngoma anajua. Ni yeye tu hajui. Anacheka na benzake pale."

"Aimbe kwanza."

"Kaka, haiko muzuri."

"Dorkasi, nimesema aimbe kwanza. Halafu mlete nyumbani. Nitamwambia mimi."

Ndiyo, mwanangu. Hayo maneno uliyoyaandika kwa Kifaransa, ukampa shangazi mwenye shali nyeusi, ukamwomba yule mama anayetunga muziki ayape sauti nzito ya kutisha kutoka chini ya vinanda vyote, si maneno ya shangazi. Ni yangu. Mahali fulani ulisikia kwamba mtu alisema "aimbe kwanza", na kwa kuwa Dorkasi ndiye aliyekuwa karibu yako ukumbini, ukamkabidhi yeye. Nami, katika orodha ya watu wa opera yako, simo. Umenitoa, kama nilivyomtoa yule bibi. Nilipoisoma orodha ile nilipumua, Mungu anisamehe, kama mtu aliyepitwa na gari lililokuwa linamjia. Ndipo nikachukua kalamu nyekundu.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui. Kabla hajakata simu, nilimwambia Dorkasi aiinue juu. Akaiinua. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, mgongo dirishani, theluji ikianguka nyuma yangu, na nilikusikia. Ubeti wa pili ulichelewa kuingia. Mengine yote yalikuwa sahihi. Muuguzi alipita, akaona mtu mzima ameshika simu sikioni bila kusema, akadhani nimewekwa ningoje, akanionyesha kiti.

Miaka hii yote nimejitetea kwa mila. Nimesema moyoni: alikuwa safarini, mila inakataza. Lakini mila nimeifundisha jukwaani, naijua kuliko wengi. Inakataza kumwambia mtu aliye peke yake, na wewe hukuwa peke yako. Kanisa zima lilikuwa pale, akina mama waliokubeba mgongoni katika kambi ya wakimbizi walikuwa pale, mikono yote iliyohitajika ilikuwa ndani ya ukumbi ule. Dorkasi ndiye aliyeifuata mila. Mimi nilitaka tu kitu kimoja cha nyumba yetu kibaki kizima kwa muda kidogo zaidi, na nilitaka kukisikia. Nilikugeuza wewe kuwa ile ngoma ya karamu inayotiwa katikati ili watu wasifike mwisho.

Safari ya kutoka Columbus nilisimuliwa na Mzee Samweli, aliyeendesha gari. Walikuambia mama amezidiwa kidogo. Ulikuwa na furaha ya wimbo, ukamwiga mchungaji anavyokohoa kabla ya maombi, nao wakacheka, kwa sababu wasingecheka ungeuliza. Mzee Samweli aliniambia, "Mwalimu, nilicheka mpaka nikaumwa tumbo, na machozi yalikuwa yanatoka, naye akafikiri ni ya kicheko." Mliposimama kuweka mafuta ulimnunulia mama yako glavu za sufu. Za buluu. Zimo kabatini mwangu, karatasi ya bei haijatolewa.

Mimi nilikuwa nyumbani, North Buffalo, nimekaa katikati ya wanaume, naitayarisha sentensi. Nilikuwa nimelichagua kila neno lake. Nilitaka iwe safi, isiwe na neno la kukukwaza. Nilikuwa bado natafuta kama nianze na jina lako au na neno "mwanangu" uliposhuka garini, ukaona viatu. Baraza ya mbele ilikuwa imejaa viatu vya watu, vingine vimeanza kufunikwa na theluji. Hakuna aliyekuambia. Viatu ndivyo vilivyokuambia. Ulipiga kelele ukiwa kwenye ngazi, akina mama wakatoka kukudaka, na mimi nikabaki ndani na sentensi yangu.

Sijaisema hadi leo. Si siku ile, si makaburini. Tulihama Buffalo kwa sababu nilisema kazi za Louisville ni nyingi, na hilo lilikuwa kweli, na halikuwa sababu. Hapa napanga mizigo ya watu nisiowajua katika ghala, na wakati wa mapumziko vijana wa kwetu huniomba niwaandikie barua za Kifaransa kwa ndugu waliobaki. Nawaandikia za misiba pia. Za wengine naweza.

Uliacha kula kwa Dorkasi. Akituma sauti kwenye simu, huifuti, huisikilizi. Juzi umeniambia basi likisimama Columbus utakaa stesheni hadi la Buffalo liondoke. Nilimpigia kumwambia kwamba sasa nitakueleza ukweli. Unajua alinijibu nini? "Acha, Kaka. Mutoto alihitaji mutu wa kukasirikia, na wewe njo muzazi aliyebaki. Mimi nilikubali zamani." Nikamwambia kwamba mchezo hauwezi kusimama juu ya mtu aliyepewa maneno yasiyo yake. Akacheka: "Mwalimu ni Mwalimu. Hata ndani ya kilio anasahihisha."

Ana haki ya kunicheka. Lakini nilichosema ni cha kweli, na ndicho pekee ninachoweza kukupa juu ya kazi yako. Unaweza kumtoa mtu. Unaweza kumhamisha kutoka kijijini kwenda karamuni, ukamfanya mshonaji kuwa mwimbaji, riwaya itakusamehe. Lakini neno lina mdomo wake. Kinywani mwa shangazi, "aimbe kwanza" ni ukatili, na wasikilizaji watamchukia, watatoka wakiwa wepesi. Kinywani mwa baba sijui ni nini. Nimelisikiliza kwa miezi hii yote wala sijui. Nadhani hawatatoka wepesi.

Huenda hutanirudisha mchezoni. Huenda hakuna mwimbaji wa sauti ya chini, au yule mama amekwisha kuuandika muziki. Hiyo ni kazi yako na yake. Dorkasi tu, nakuomba, mvue ile shali.

Baada ya wimbo wa msichana uliacha mistari mitupu, na pembeni ukaandika kwa penseli: "Baba, hapa wanamwambiaje?" Nilikisahihisha kila kitu kwenye ukurasa ule, ila penseli hiyo sikuigusa. Nimeijaribu sentensi kwa Kifaransa mbele ya mizigo, ndani ya gari, kanisani wakati wa mahubiri. Kwa Kifaransa ni fupi mno. Mwimbaji hajafungua kinywa imekwisha. Nikiirefusha inakuwa uongo. Ndipo nilipotambua kwamba sina haki ya kuiandika kwa Kifaransa kabla sijaisema kwa lugha ambayo mama yako alikuitia.

Juu ya bahasha hii nitaandika kwamba ifunguliwe Columbus, mbele ya shangazi yako. Nimeongea naye. Atakuja stesheni na chupa ya chai, na Mzee Samweli ameomba kuja pia. Hujawahi kukiuka maandishi yangu, hata ukinikasirikia. Kwa hiyo najua kwamba unaposoma hapa, wako karibu yako, na wamekwisha kuketi. Usiwaambie waondoke.

Esperansi, mwanangu. Mama yako amefariki. Alifariki nikiwa nimemshika mkono, na neno lake la mwisho nililolielewa lilikuwa swali, kama umekwisha kuimba. Nikamwambia bado.

Mistari yako bado ni mitupu. Sijui kama nimwache yule baba wa mchezoni, ukimtia, amtoe binti yake kwa mlango wa nyuma na kumwambia, kama shangazi yako alivyotaka, au nimwache asimame pale koridoni na simu sikioni, asikilize hadi mwisho. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako